Wazee Wamesema Wamesikia, Hawajasema Wamekubali

Mpendwa Mama Monika,

Nimesita sana kukuandikia, na hata sasa naandika mlango wa ofisi ukiwa umefungwa kwa ndani, lakini sina tena mtu wa kumuuliza, kwa hiyo naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, kwa sababu siku hiyo nitasimama mbele ya kanisa zima kusoma jambo ambalo si kweli.

Mimi ni karani wa ofisi ya kanisa hapa Bariadi. Kanisa silitaji, na majina yote niliyoandika humu nimeyabadilisha, likiwemo langu, niite tu Marcelo. Nina stashahada ya uhazili, ni kazi yangu ya kwanza, ndiyo inayotutunza mimi na mama yangu aliyeko Mwamanyili pamoja na mdogo wangu anayesoma. Sitaki kumsingizia mtu na sitaki kuonekana kijana asiyejua adabu, kwa hiyo nitajitahidi kueleza kama nilivyoona na kusikia mwenyewe, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Kila Jumapili mimi ndiye ninayesoma matangazo. Nasoma kwanza kwa Kiswahili, halafu narudia kwa Kisukuma, kwa sababu wazee wetu, hasa wanaotoka upande wa Ngulyati, Kiswahili wanakisikia lakini cha haraka kinawapita. Wazee hao hukaa mabenchi mawili ya mbele karibu na mlango wa pembeni. Wamekaa hapo tangu kanisa lilipojengwa, na sababu yake kila mtu anaijua: mlango ule hauna ngazi, na ukikaa mbele unamwona mhubiri mdomo. Wanaletwa na wajukuu wao wanaoimba kwaya, mmoja kwenye baiskeli, mwingine kwenye pikipiki, ibada ikiisha wanarudishwa hivyo hivyo.

Sasa mwaka huu kanisa letu limeanza kurusha ibada mtandaoni, na mimi sina neno na hilo, ni jambo zuri kwa walio mbali, ila kamera imewekwa upande ambao inawaona wazee kwanza kabla haijamfikia mhubiri. Bibi Nyanjige husinzia akiwa ameegemea nguzo chini ya spika, na sijui anawezaje kwa kelele ile. Wengine wanakohoa. Na Mzee Mboje hujibu mahubiri. Tangu zamani hujibu, hakuna aliyewahi kushangaa, lakini Jumapili moja mhubiri alikuwa anaeleza habari za mwana mpotevu, amefika pale kaka mkubwa anakataa kuingia kwenye karamu, Mzee Mboje akasema kwa sauti, kwa Kiswahili kabisa ili mhubiri aelewe, "Huyo kaka alikuwa na haki ya kukasirika! Ng'ombe wote wale alikuwa anachunga nani?" Kanisa lilicheka, mhubiri mwenyewe alicheka akasahau alipofikia, na mtu fulani akakikata kipande kile akakisambaza, kikachekesha mji mzima.

Baada ya hapo ndipo Mama Klementina alipokasirika. Mama Klementina ni mwalimu mkuu mstaafu na ndiye mwenyekiti wa Huduma ya Wazee katika kanisa letu, yaani yeye na wenzake ndio waliochaguliwa kuwatembelea wazee, kuwaombea na kuwasemea kwenye vikao. Ndiye pia aliyeniombea kazi hii, na sijamsahau kwa hilo. Alisema wazee wanaliaibisha kanisa mbele ya dunia. Kamati yake ikakaa, ikaamua wazee wawe na ibada yao peke yao siku ya Alhamisi, katika banda la Shule ya Jumapili, na mabenchi ya mbele wapewe kwaya.

Mama Monika, banda hilo lina viti vya watoto. Mimi mwenyewe nikikaa pale magoti yananifika kifuani. Na Alhamisi huyu mchungaji wetu, ambaye ni mtu mwema lakini anahudumia mitaa mingi, hayupo Bariadi, kwa hiyo hawataipata Meza ya Bwana. Na Alhamisi wajukuu wako shuleni au shambani wanachuma pamba, sasa nani atampakia Bibi Nyanjige kwenye baiskeli? Nikipiga hesabu ya mambo hayo naona hawahamishwi siku, wanaondolewa kanisani, na wanaowaondoa ndio waliopewa kazi ya kuwatunza.

Walikwenda Ngulyati kuwaambia, nami nilichukuliwa ili nisaidie kubeba maboksi ya biskuti. Wazee walikusanyika nyumbani kwa Mzee Mboje, wamevaa nguo zao za kanisani, wametoa viti vyote vya ndani kwa ajili ya wageni na wengine wao wakakaa chini. Mama Klementina ni Msukuma wa hapa hapa, Kisukuma anakijua kuliko mimi, lakini siku hiyo aliongea Kiswahili tu, na aliongea kama yuko mbele ya darasa la kwanza.

"Wazee wangu wazuri, hamjambo?"

"Hatujambo, mayu," wakamwitikia, yaani mama.

"Tumewaletea zawadi! Mtakuwa na siku yenu wenyewe, hakuna kusukumana, hakuna makelele ya magitaa. Siku gani? Alhamisi. Semeni wote."

"Alhamisi," wakasema.

"Sijasikia!"

"Alhamisi."

Mzee Mboje naye alilitamka akiangalia fimbo yake. Nilitamani ardhi ipasuke niingie, kwa sababu huyu ni mtu ambaye akipita njiani mama yangu angepiga goti kumsalimia.

Halafu yeye kama mwenye nyumba akajibu, akasema, "Wabeja, mayu. Asanteni kwa kuja. Neno lenu tumelisikia." Bibi Nyanjige akaongeza, "Wabeja kwa kutukumbuka." Wengine wakaitikia kwa kushukuru, biskuti zikagawiwa, picha zikapigwa, tukaondoka.

Wewe unajua, na kila aliyelelewa huku kwetu anajua, kwamba mgeni akikuletea neno nyumbani humkatalii usoni. Unamshukuru kwa kulileta. Akiondoka ndipo mnakaa, mnalizungumza taratibu, na jibu mnalipeleka baadaye kwa mtu mtakayemtuma. Lakini ndani ya gari Mama Klementina alifurahi sana, akawa anawaambia wenzake, "Mmeona walivyopokea? Wamekubali wote, hakuna hata mmoja aliyenung'unika."

Nikajikaza nikasema, "Mama, samahani, wamesema wamesikia. Sikusikia waliposema wamekubali."

Akageuka kunitazama. "Marcelo, hiyo stashahada yako ni ya uhazili au ya kusoma mioyo ya watu?"

Gari lote likacheka, na dereva naye.

Jumapili iliyofuata nilipita pale kwenye benchi, Bibi Nyanjige akanishika mkono akaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, lile neno la Klementina bado tunalizungumza. Jibu litakuja." Nikamuuliza lini. Akasema, "Likiiva. Mmoja wetu mguu umevimba, hatuwezi kukaa kikao bila yeye." Sikumwambia kitu. Nilishindwa, kwa sababu tangazo lilikuwa tayari mezani kwangu, ameliandika Mama Klementina mwenyewe, nami nikalichapa. Linasema hivi: "Wazee wetu wapendwa, kwa hiari yao na kwa furaha, wameomba kuwa na ibada yao ya pekee kila Alhamisi." Wameomba, Mama Monika! Wale waliokalishwa chini kwenye uwanja wao wenyewe wakaimbishwa jina la siku, leo ndio walioomba.

Nilimwendea Mama Klementina nikamwomba angalau tubadilishe neno moja. Akaniambia, "Kazi hii nilikuombea kwa magoti. Usinifanye nipige magoti tena kuomba karani mwingine." Mkataba wangu unaisha karibuni na anayependekeza uongezwe au usiongezwe ni kamati ambayo yeye ni mjumbe. Nilijaribu kumwona mchungaji, nikafika mpaka mlangoni, nikamkuta Mama Klementina ameketi humo, nikasema nilikuja kuuliza kama maji ya kunywa yapo.

Kwa Kiswahili nadhani ningeweza kulisoma haraka haraka nikiangalia chini. Ninachoogopa ni nitakapogeuza kwa Kisukuma. Pale ndipo wao wenyewe, wakiwa wamekaa mbele yangu kwenye mabenchi yale, watakaposikia kutoka kinywani mwangu kwamba wameomba kuondoka. Na najua Mzee Mboje atajibu, au, jambo ambalo naliogopa zaidi, hatajibu.

Nimekasirika mpaka sili vizuri, lakini hasira yangu ni ya mtu mwoga, inaishia hapa kwenye karatasi. Nisome tangazo nilinde kazi, au nikatae nipoteze? Au nijifanye mgonjwa siku hiyo, alisome mtu mwingine? Naomba uniongoze.

Wako katika Bwana,
Karani, Bariadi mjini


MAMA MONIKA ANAJIBU

Mwanangu Marcelo,

Nimesoma barua yako nikainuka, nikaenda jikoni kunywa maji, nikarudi nikaisoma tena. Nimekasirika pamoja nawe. Na sina sababu ya kuificha hasira yangu kwenye karatasi tu kama wewe, kwa hiyo nianze na wakubwa.

Mama Klementina, kama gazeti hili linafika mezani kwako, na nadhani linafika, nakuuliza swali moja. Wageni wangekuja kwako kumposa binti yako, ukawaandalia chakula, ukawaambia asanteni, neno lenu tumelisikia. Kesho yake asubuhi wakaja na gari kumchukua binti, wakisema baba na mama wameshakubali kwa furaha, tena ndio walioomba. Ungefanya nini? Ungepiga yowe mpaka majirani wajae uwanjani. Unaijua desturi hiyo kama unavyolijua jina lako. Hukukosea kwa kutojua. Ulizungumza Kiswahili na watu wa lugha yako kwa makusudi, ukachukua heshima yao ukaifanya saini ya kukubali. Umechaguliwa kuwasemea wazee, na ukisema maneno ambayo hawajayasema, huwasemei. Kukohoa kwa mzee hakulitii kanisa aibu mbele ya dunia. Na kama kamera haipendi inachokiona, igeuzwe kamera. Ina miguu mitatu, inabebeka kuliko Bibi Nyanjige.

Hayo yametosha kwake. Sasa nakuja kwako, na usidhani umepona kwa kuwa umeandika vizuri.

Umeniandikia mimi nisiyekujua, wakati Ngulyati ni mwendo mfupi tu kutoka ofisini kwako. Bibi wa watu amekushika mkono, amekuambia jibu linakuja, wewe unajua tangazo limeshachapwa na siku imepangwa, ukanyamaza. Wao wanasubiri mguu wa mwenzao upone kwa sababu wanadhani wana muda. Aliyejua kuwa hawana muda ni wewe peke yako. Hofu yako naielewa, ina mama na mdogo wako ndani yake, siidharau hata kidogo. Lakini hapo uliwaacha.

Jambo jingine. Umenieleza viti vya watoto, umenieleza mchungaji hayupo Alhamisi, umenieleza pamba na baiskeli. Sababu zote ni nzuri, na zote ni zako. Wazee wenyewe uliwauliza? Pengine yupo mmoja anayechoshwa na magitaa na angependa kweli ibada ya utulivu katikati ya wiki, na hiyo iwepo, nani atakataa? Pengine wanataka vyote viwili. Pengine Mzee Mboje ana pendekezo ambalo wewe, mimi na kamati nzima hatujaliwaza. Mama Klementina amewajibia, na wewe kwa huruma yako ulikuwa karibu kuwajibia pia. Usifanye hivyo.

Suala la kujifanya mgonjwa lifute kabisa. Litasomwa na mwingine, neno kwa neno, na wewe utakuwa nyumbani umejifunika shuka ukilisikia kichwani.

Fanya hivi. Jumamosi hii nenda Ngulyati. Usiende na biskuti. Msalimie Mzee Mboje kama unavyosalimia wazee kwenu, kaa chini, umwambie kwa Kisukuma mambo mawili tu: kwamba kuna tangazo limeandikwa likisema wameomba Alhamisi, na kwamba limepangiwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Usimshauri. Usimlilie habari za mkataba wako, asije akalainisha jibu kwa kukuonea huruma. Mwambie halafu unyamaze. Wao wanajua namna ya kukaa kikao, na kama mguu wa mwenzao haujapona watakwenda kukikalia kikao nyumbani kwake.

Ukirudi, usimzunguke Mama Klementina. Amekufanyia wema, mlipe kwa kumwambia usoni kabla ya mtu mwingine. Mwambie, "Mama, nimewaambia wazee kuhusu tangazo. Nakuheshimu, ila neno 'wameomba' sitalisoma." Atasema mengi. Vumilia, usimjibu kwa ukali. Halafu siku hiyo hiyo nenda kwa mchungaji, na ukimkuta mama yumo ndani, vizuri zaidi, ingia useme wote wakusikie. Habari za maji ya kunywa ziache.

Kuhusu kazi sitakudanganya. Wanaweza wasikuongezee mkataba. Anza sasa kupeleka maombi kwingine, Bariadi ina ofisi nyingi zinazohitaji kijana anayechapa vizuri na anayejua Kisukuma. Mpigie mama yako umweleze mapema, asije akasikia kwa watu. Nadhani atakuambia jambo ambalo litakutia nguvu kuliko langu, kwa sababu ni yule ambaye angepiga goti njiani akipita Mzee Mboje.

Na Jumapili ikifika, kama mchungaji hajasema vinginevyo na jibu la wazee halijaletwa, simama kama kawaida yako. Soma habari za kwaya, soma za harambee, soma za wanaotangaza ndoa. Ukifika pale, safari hii anza na Kisukuma, uso umeuinua, ukiwatazama wenye benchi lao. Halafu urudie kwa Kiswahili kwa ajili yetu sisi wengine, na kwa ajili ya kamera. Sema hivi, usiongeze hata neno moja:

"Huduma ya Wazee ilipeleka neno kwa wazee wetu kuhusu siku ya ibada. Wazee wameshukuru kwa kuletewa neno hilo. Jibu lao bado halijafika, na likifika watalisema wenyewe, hapa hapa, siku ya Jumapili."

Kisha shuka ukae. Na kama Mzee Mboje atajibu kwa sauti, mwache. Safari hii kanisa lote litakuwa linamsubiri.